HABARI ZA NONDO WA VIAZI VITAMU

Wengi wetu tuliolelewa katika vilima vya Rwanda tumekula viazi vitamu, yaani ibijumba, tangu kabla hatujaota meno yote. Lakini tukiulizwa ni nani mwingine alaye katika shamba lilelile pamoja nasi, wachache tu watajibu. Mimi nilikuwa mmoja wa wasiojua, na kwa kutojua kwangu bibi yangu alipotewa na kuku wawili. Kwa sababu hiyo nimeona vyema kuandika habari hizi katika kurasa zetu za Kiswahili, ili mwenzangu akimkuta mdudu huyu asifanye kama nilivyofanya mimi.

Bibi anakaa upande wa magharibi wa Mlima Kigali, mahali mashamba yanapoteremka kuelekea mto Nyabarongo. Katika likizo ya Krismasi ya mwaka 2024 nilimkuta amesimama katikati ya matuta, mikono kiunoni. Majani ya upande mmoja wa shamba yalikuwa yameliwa hata vikabaki vikonyo vitupu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, si wewe unayesoma elimu ya viumbe? Haya, niambie ni nani aliyelala humu."

Nikainama, nikafunua marando, nikamwona kiwavi mnene kuliko kidole gumba changu, rangi ya kijani, na nyuma yake ana pembe. Bibi akarudi hatua mbili. Watu wengi huiogopa pembe hiyo wakidhani ina sumu kama mkia wa nge. Mimi nami niliiogopa, ila nilikuwa nimevaa sare ya shule na sikutaka bibi aone.

Sikujua jibu, lakini niliona haya kusema sijui. Basi nikachukua fedha zangu za nauli, nikaenda dukani, nikanunua chupa ndogo ya dawa ya wadudu, nikainyunyiza shamba zima jioni ileile. Asubuhi viwavi walikuwa wamelala chini ya matuta kama maganda ya ndizi. Nilijiona shujaa. Kuku wa bibi nao wakaona wameandaliwa karamu, wakaingia shambani wakala. Kabla ya jua kuchwa watatu walikuwa wakipepesuka. Wawili wakafa, mmoja akapona. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Viazi nitavichimba mwezi wa tatu, lakini mayai ya kuuza nitayapata wapi?" Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe mambo yote, bila kuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia stoo, akatoka na sanduku la mbao lenye wavu juu yake. Akasema, "Mfuge. Ukimfuga ndipo utakapomjua." Haya ninayoandika ni yale niliyoyaona katika sanduku hilo na katika shamba la shule lililo chini ya mabweni, ambalo ndugu zetu waliomaliza zamani walililima kwa jasho, pamoja na yale niliyoyasoma vitabuni.

Kwanza jina lake. Wataalamu humwita Agrius convolvuli. Aliyemwandika kwanza katika elimu ni Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1758, naye alimpa jina la mimea itambaayo na kujisokota, maana viazi vitamu ni wa ukoo huo. Katika vitabu vya zamani utamkuta akiitwa Herse convolvuli. Ni yeye yule. Jamii yake ina jina litokanalo na Sphinx, lile sanamu kubwa la Misri, kwa kuwa viwavi wa jamii hii wakishtuka huinua kifua na kukaza kichwa, wakatulia hivyo kwa muda mrefu kana kwamba wamechongwa katika jiwe.

Mdudu aliyekomaa ni nondo, yaani kipepeo wa usiku. Akitandaza mabawa, toka ncha hata ncha hupata sentimeta 8 mpaka 12. Mabawa ni ya rangi ya majivu yenye mistari ya kuparuza, na akitua mchana juu ya gome la mti utapita karibu naye usimwone. Lakini mwinue bawa utazame tumbo lake: ubavuni kuna pingili za rangi ya waridi na nyeusi, moja baada ya nyingine, kama kanga ya bibi harusi iliyofichwa chini ya koti kuukuu. Nafikiri ni yeye ambaye wenzetu wa kidato cha kwanza humpiga kwa ndala akiingia bwenini kufuata taa, wakasema ni popo mdogo.

Nondo huyu si wa Rwanda peke yake. Anakaa katika Afrika, na tena Ulaya ya kusini, na Asia, mpaka Australia. Kila mwaka baadhi yao huondoka Afrika wakaruka kuelekea kaskazini, wakavuka bahari na kufika hata Uingereza, ambako baridi inapoingia hawawezi kuishi. Mdudu aliyeanza maisha akitafuna jani shambani, bila pasi ya kusafiria wala nauli, anavuka Bahari ya Kati! Mimi sijavuka hata mpaka wa Gatuna.

Sasa habari za kuzaliwa kwake. Tarehe 3 Machi 2025, saa kumi na mbili na nusu za jioni, nilikuwa nimechuchumaa pembeni mwa shamba la shule. Nilimwona jike akija, akaelea juu ya marando bila kutua, akagusa jani kwa ncha ya tumbo, akaondoka. Akagusa jani la pili, akaondoka. Kila alipogusa aliacha yai moja. Hatagi mayai yote mahali pamoja kama kuku, bali huyatawanya, moja hapa na moja kule, juu ya jani au chini yake. Yai ni la mviringo, linang'aa, na upana wake ni kama milimeta 1 tu. Nilichuma majani 9 yenye mayai, nikayatia sandukuni.

Siku ya sita mayai 7 yalianguliwa. Kiwavi mchanga ni mwembamba kama uzi wa kushonea, lakini pembe yake tayari iko nyuma, imenyoka. Kabla hajakomaa hujivua ngozi mara nne, na kila akijivua huwa mkubwa ghafula, kama mvulana aliyerudi kutoka likizo ndefu. Ana miguu ya kweli 6 karibu na kichwa, na nyuma yake ana miguu mingine 10 minene ya kushikia, ambayo atakuja kuipoteza. Rangi zao zilinishangaza. Wengine walikuwa kijani, wengine kahawia iliyokoza karibu na weusi, hali wote nimewapata jioni moja katika shamba moja. Ukiwaona mbalimbali utaapa kwamba ni wadudu wa aina mbili.

Kula kwao ndiko kuliko nitia hofu. Wiki mbili za kwanza niliwaletea majani machache kwa siku, nikadhani kazi ni nyepesi. Lakini kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake chote katika siku za mwisho, baada ya kujivua mara ya nne. Hapo hufika sentimeta 9 na zaidi. Usiku nilipokuwa nikijisomea niliwasikia wakitafuna. Nilileta kikapu cha majani jioni, asubuhi nikakuta vikonyo. Ndipo nilipofahamu kwa nini bibi alisema shamba lake lililiwa kwa usiku mmoja: haikuwa kweli kwamba walifika usiku ule. Walikuwamo kwa wiki tatu, wadogo, wakila kidogo, wala hakuna aliyewatazama.

Na ile pembe? Niliigusa kwa kalamu, kisha kwa kidole, kisha nikaibonyeza kabisa. Ni laini. Haichomi, haina sumu, haimdhuru mtu yeyote. Padri mmoja aliyepita akinitazama alicheka, akasema labda ni ya kutisha wajinga. Sikumjibu, maana ilikuwa imenitisha.

Kiwavi akishiba kabisa huacha kula, rangi yake hufifia, naye hutembea huku na huku kama aliyepotelewa na kitu. Anatafuta udongo. Kwa hiyo weka udongo katika sanduku lako, usije ukamtesa. Wangu walianza kujifukia siku ya 22 tangu kuanguliwa. Chini ya ardhi hujitengenezea chumba, hujivua mara ya mwisho, na kuwa pupa: kitu kigumu, cha rangi ya kahawia nyekundu, bila mguu wala mdomo. Ila pupa wa nondo huyu ana alama ambayo hutaisahau ukiiona mara moja. Mbele ya kifua hutoka mkono uliopinda na kurudi, mfano wa mkono wa birika. Ndani ya mkono huo ndimo mrija wa kunyonyea unamotengenezwa. Kukaa chini ya udongo hutegemea joto. Vitabu vyasema siku 5 mpaka 26. Hapa Kigali, mahali palipo juu ya usawa wa bahari karibu meta 1,500 na usiku kuna baridi, wangu walikaa kati ya siku 18 na 21.

Hawakutoka wote. Katika 7, mmoja alikufa katika kujivua na wawili wakaoza udongoni, nadhani kwa sababu niliumwagia maji mengi. Wanne wakatoka usiku, mabawa yamekunjamana na kulowa, wakapanda juu ya wavu wakaning'inia mpaka yaliponyooka na kukauka. Kabla ya kuruka hutetemeka. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa, kumbe anapasha moto misuli ya kifua, kwa kuwa misuli yake haiwezi kazi ikiwa baridi. Mtu akiwasha gari la zamani asubuhi huliacha lingurume kwanza. Ndivyo naye afanyavyo. Akisha kupata moto huondoka mara moja, nawe husikii ila upepo usoni.

Mmoja wa wanne hao alijigonga kwenye taa akafa. Nilimnyoosha mrija wake juu ya rula: sentimeta 10 na nusu, mrefu kuliko mwili wake mwenyewe. Akiwa hanywi huukunja kama utepe. Hapo nikamwuliza mwalimu, mrija mrefu namna hii ni wa nini? Akanipeleka nyuma ya jiko la mapadri.

Hapo pana mipapai mitatu, mmoja dume na miwili majike. Ninyi mliozaliwa shambani mwajua kwamba mpapai dume hutoa maua mengi membamba katika vishada virefu, wala hauzai, na kwamba kwa hiyo watu wengi huukata. Tulikaa juu ya gogo tangu saa kumi na mbili. Giza lilipoanza kuingia na maua kutoa harufu, akaja nondo mmoja, kisha wawili, wakaelea mbele ya maua ya mpapai dume, mrija umenyooshwa, bila kutua. Walipokunywa wakahamia kwenye majike. Hapo hawakukaa hata nukta mbili, wakarudi.

Mwalimu akanieleza kwamba ua la dume lina maji matamu, lakini ua la jike halina kitu. Hufanana na la dume kwa rangi na harufu, basi nondo hudanganyika akaligusa, na unga wa ua la dume alioubeba ukabaki pale. Bila kudanganyika huko mpapai jike hauwezi kuzaa vizuri. Kwa hiyo nondo ni mshenga, kwetu twasema umuranga, apelekaye posa toka nyumba moja hata ya pili, naye upande wa bibi arusi hapewi hata kikombe cha maji. Lazima niseme hapa kwamba iko mipapai mingine yenye maua ya jinsi mbili pamoja, nayo hujizalisha yenyewe. Lakini ile ya mashambani kwetu iliyo dume na jike humhitaji mshenga.

Haya si maneno ya mwalimu wangu peke yake. Huko Kenya, mtaalamu wa wadudu Dino Martins pamoja na mwenzake Steven Johnson walichunguza mashamba ya mapapai, wakatangaza mwaka 2009 waliyoyaona. Wageni wakubwa wa maua ya mpapai walikuwa nondo wa jamii hii, na nondo wetu wa viazi alikuwa miongoni mwao. Wakaona pia kwamba ukaribu na hali ya vichaka vya asili vina maana kwa mkulima wa mapapai, kwa kuwa nondo hutoka huko. Tena katika Afrika ya Mashariki kuna mimea mingi ya porini yenye maua meupe, marefu kama filimbi, ambayo nyuki hafiki chini yake hata akijinyoosha namna gani. Nondo wachache tu wenye mrija mrefu, na huyu akiwa mmojawapo, ndio wanaoihudumia.

Mtu atasema, hayo ni mazuri, lakini bibi yako hali mapapai, anakula viazi. Ni kweli, nami sitaki kumfanya mdudu huyu kuwa malaika. Viazi vikiwa bado vichanga, majani yakiliwa yote, mavuno yatapungua. Lakini yakupasa kwanza umjue ni nani hasa anayekula. Ukiona viwavi wadogo wenye miiba, wengi pamoja, wamejifunika utando juu ya majani, hao si nondo. Ni watoto wa kipepeo wa mchana aitwaye Acraea acerata, anayesumbua sana nchi zetu za Maziwa Makuu. Na mwizi mbaya kuliko wote haonekani kwenye jani hata kidogo. Ni fukusi wa viazi, mdudu mdogo kama chungu, ambaye watoto wake hutoboa kiazi chenyewe ndani. Nilipokwenda likizo ya Aprili nikakuta bibi amechimba, na sehemu kubwa ya viazi ilikuwa na vijia vyeusi, michungu hata nguruwe akavikataa. Dawa yangu ilikaa juu ya majani, yeye alikuwa chini ya udongo. Niliua asiyekuwa mwizi mkubwa, na kuku juu yake.

Wala dawa haikuchagua. Baadaye mwalimu alinipa viwavi wanne wakubwa kutoka shamba la shule niwaweke peke yao. Mmoja hakugeuka pupa. Mwilini mwake walitoka funza wadogo, nao baada ya majuma mawili wakawa nzi wenye manyoya magumu mgongoni. Nzi hao hutaga juu ya viwavi, na watoto wao huwala wakiwa hai. Kumbe shambani mna askari ambao hatuwalipi mshahara, nami kwa chupa moja niliwaua pamoja na maadui.

Basi hivi ndivyo tufanyavyo sasa katika shamba la shule, na viazi havijatushinda. Kila Jumatano na Jumamosi wawili wetu hupita katika matuta wakitazama chini, si juu. Kiwavi hufanana na jani, lakini choo chake ni vidonge vyeusi vikubwa kama mbegu za mpapai, navyo huonekana wazi juu ya udongo. Ukiviona, inua macho polepole, yuko juu yake. Tunawatoa kwa mkono. Kando ya uzio wetu, upande wa bondeni, kuna mmea wa porini wa ukoo uleule, wenye maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi na kunyauka mchana. Zamani tulikuwa tukiufyeka kila mwezi. Sasa tumeuacha, na viwavi wengi tunawahamishia huko. Wakati wa kuvuna tunalima udongo vizuri ili pupa watoke juu, ndege wakajichagulie.

Katika likizo kubwa ya mwaka 2025 nilibeba matofali kwa wiki tatu mjini, nikamnunulia bibi mitetea mitatu. Mwisho wa Agosti tulikuwa tukilima matuta yake upya tayari kwa mvua, mimi nashika jembe, yeye anapanga marando kivulini. Kuku wakanifuata nyuma, na kila pupa aliyefukuliwa hakumaliza kuviringika kabla ya kumezwa. Mmoja niliwahi kumwokota. Nikamwonyesha bibi ule mkono wa birika, nikamweleza habari za mrija, na mpapai dume, na mshenga asiyepewa maji.

Akamgeuza geuza kiganjani. Kisha akatazama mpapai wake ulio nyuma ya nyumba, akaniuliza, "Ndiye huyu huyu?"

"Ndiye, bibi."

"Basi huyu mmoja mrudishe," akasema, "lakini mfukie mbali na viazi vyangu."